Filimbi ya D Kwenye Kwaya ya F

Kwaya yetu hapa Nakuru huimba kwa F. Hakuna aliyepitisha sheria. Ni koo za soprano zilizochagua, pamoja na mpiga kinanda ambaye vidole vyake vinapenda flati. Mimi napiga filimbi ya mbao ya Kiayalandi, nayo kwao ni D. Ndiyo maana nimekuwa msakaji wa nyimbo za dansi za Ayalandi zilizo kwenye kii ambazo wapiga filimbi wengi huzipita mbali: F, C, D maina, G maina.

Waayalandi si wageni Bonde la Ufa. Mapadre wa Kiltegan wamehudumu parokia zetu nyingi, na pale Iten mabruda wa Kipatrisia walifungua shule ya St Patrick's mwaka 1961. Filimbi yenyewe nayo ina damu ya huku: zilizo bora huchongwa kwa mpingo, mti uleule wanaouchonga Wamakonde, unaokatwa Tanzania na Msumbiji.

Ina matundu sita. Ukiyaziba yote unapata D. Ukifungua moja moja kutoka chini unapanda E, F shapu, G, A, B, hadi C shapu matundu yote yakiwa wazi. Ukitaka C ya kawaida, acha la juu wazi na uzibe la pili na la tatu. Kwa hatua hizo peke yake umepata D na G, na nyimbo nyingi za filimbi zinaishi humo. Taabu huanza ukitaka F ya kawaida, kwani lazima uzibe nusu tu ya tundu la tano. Na B flati hudai nusu ya la pili. Zipo filimbi zenye vibonyezo vya chuma kwa noti hizo. Theodor Boehm alipotengeneza filimbi yake mpya mwaka 1847, wanamuziki wa okestra waliziacha pole pole zile za zamani za mbao zenye vibonyezo, zikauzwa kwa bei rahisi na kuishia mikononi mwa watu wa kawaida wa Ayalandi. Lakini wengi walicheza bila kuvigusa vibonyezo hivyo.

Basi nyimbo za kii hizo zitafutwe wapi? Wafuate wapiga fidla. Kwao F ni kusogeza kidole kidogo tu kwenye waya, kwa hiyo wametunga bila kutuhurumia. Ed Reavy, fundi wa mabomba aliyehamia Philadelphia kutoka Cavan, aliacha nyimbo nyingi zinazohangaisha vidole vya filimbi. Paddy Fahey wa Galway Mashariki alipenda G maina, na nyimbo zake hakuzipa majina. Zote huitwa tu za Paddy Fahey. Kuna pia hazina ya Francis O'Neill, mkuu wa polisi wa Chicago aliyekuwa mpiga filimbi mwenyewe: kitabu chake cha mwaka 1903 kina nyimbo 1,850.

Ukishika kitabu kama hicho, usisome nyimbo kwanza. Tazama alama mwanzoni mwa mstari. Shapu mbili mara nyingi ni D, moja ni G: pita. Simama pasipo na alama yoyote, au penye flati. Kisha angalia noti ya mwisho, maana hapo ndipo nyumbani kwa wimbo. Flati moja na mwisho F, umepata F. Flati moja na mwisho D, ni D maina. Flati mbili na mwisho G, ni G maina. Pasipo na alama, mwisho ukiwa D, una kitu kilicho jirani na D maina, chenye B ya kawaida.

Wanafunzi wangu huwa siwaanzishi na Ayalandi. Nawaanzisha na nyimbo za Wakipsigis, zile zinazoimbwa pamoja na chepkong, kinubi ambacho mtafiti wa muziki Hugh Tracey alikirekodi Kapkatet mwaka 1950. Nyingi hutembea kwenye noti tano tu. Zihamishie C: utatumia C, D, E, G na A, bila F yoyote. Zihamishie F: F, G, A, C, D, na ile B flati ya kutisha haihitajiki. Angalia tu wimbo usishuke chini ya D, maana filimbi inaishia hapo.

Wapo wanaoona ni rahisi kununua filimbi fupi ya F, wacheze vidole vya D, sauti itoke F. Ni njia halali. Wachonga chivoti wa Kidigo nao hupata sauti wanayotaka kwa urefu wa mwanzi. Lakini vidole havitajifunza lolote jipya. Anayetaka kujifunza achukue dansi ya rili iitwayo Julia Delaney, ambayo makao yake ni ile D iliyo jirani na D maina, aipige polepole hadi F yake isikike F kamili, isiyopanda kuelekea F shapu. Nyimbo za Fahey zije baadaye.