HOSPITALI INAYOPUMUA



Siku moja tulikwenda kuangalia mwenzetu wa darasa aliyelazwa hospitalini. Tulipofika, saa ya kuona wagonjwa ilikuwa haijatimia, basi tukangoja ndani ya kulwari, ile njia ndefu inayopita katikati ya vyumba. Tulikuwa watu wengi pale: wamama wenye watoto mgongoni, wazee, na wale wanaolinda wagonjwa pamoja na masufuria yao. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa juu ya baridi. Mzee mmoja alikuwa anakohoa, anakohoa tu, naye alikaa karibu na mama mwenye mtoto mchanga. Hakuna mtu aliyeshangaa, hata sisi wenyewe.

Kesho yake tulieleza jambo lile katika somo la biolojia. Mwalimu akatuuliza: «Sasa ninyi, mulikwenda kuona mgonjwa ao mulikwenda kutafuta ugonjwa?» Tulicheka, lakini ulizo lile lilitushika. Ndiyo sababu tunaandika habari hii, kusudi tueleze namna nyumba ya hospitali yenyewe inavyoweza kusaidia mgonjwa ao kumuumiza, na namna wanafunzi fulani walivyolifikiri jambo hilo.

1. Ugonjwa unaosafiri katika hewa

Kwetu watu wengi wanasema kama kifua kikuu kinaletwa na baridi, wengine wanasema ni ulozi. Hapana. Tangu mwaka 1882, munganga wa Ujerumani Robert Koch alionyesha mikrobe inayokileta. Mtu mwenye ugonjwa huu wa mapafu akikohoa, anatoa vitone vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Vile vizito vinaanguka chini, lakini vile vyepesi vinabaki vikielea hewani saa nyingi. Mwingine akiingia chumbani, anavuta hewa ile, na mikrobe inaingia pamoja nayo.

Sasa mufikiri juu ya kulwari iliyofungwa. Wagonjwa wa kila namna wanangoja pamoja, na hewa ni ileile wanayopokezana. Aliyekuja na malaria anaweza kurudi nyumbani na kifua kikuu.

Hayo si maneno ya kutisha watoto. Katika Afrika ya Kusini, pahali panapoitwa Tugela Ferry, waganga walikuta watu 53 wenye kifua kikuu ambacho karibu dawa zote zilishindwa nacho. Wengi wao walikuwa pia na ukimwi. Kati ya wale 53, watu 52 walikufa. Habari ile ilitangazwa mwaka 2006. Wale waliochunguza waliona kama wengi walikuwa wamelazwa hospitalini mbele, na inaonekana wengine waliambukizwa humo humo.

2. Ulizo la mwanafunzi mmoja

Mwaka ule wa 2006, mwezi wa 12, munganga Paul Farmer wa Marekani alitoa hotuba katika universite ya Harvard. Huyu Farmer alikuwa mmoja wa wale walioanzisha shirika Partners In Health mwaka 1987, kwa kutunza wagonjwa maskini. Kati ya wasikilizaji alikuwako Michael Murphy, mwanafunzi wa uarshitekte, maana yake kazi ya kuchora plano za majengo. Baada ya hotuba alimuuliza Farmer anatumika na maarshitekte gani katika kujenga hospitali zake. Jibu lilimshangaza: hakuna.

Hapo Murphy angeweza kurudi kwenye masomo yake na kusahau. Lakini alisafiri mpaka Rwanda, akakaa na waganga, akaona kazi yao. Kisha yeye na wanafunzi wenzake, kati yao Alan Ricks, wakaanza kuchora hospitali mpya ya Butaro, pamoja na Partners In Health na wizara ya afya ya Rwanda. Kundi lao liliitwa MASS Design Group.

Butaro iko kaskazini ya Rwanda, katika wilaya ya Burera, karibu na mpaka wa Uganda, juu ya milima. Ni jirani yetu, maana volkano za Virunga tunazigawana. Wilaya ile ilikuwa na watu zaidi ya 300,000, na mbele ya kazi hii haikuwa na munganga mkubwa hata mmoja.

3. Plano yenyewe

Wanafunzi wale hawakuanza na kalamu. Waliuliza waganga na wauguzi: watu wanaambukizwa wapi? Jibu lilikuwa lilelile tuliloliona sisi: katika kulwari, pahali pa kungojea. Basi wakaondoa kulwari ya ndani. Pale Butaro mtu anapita na anangoja inje, chini ya baraza yenye paa, ambapo upepo unapita na kubeba vile vitone.

Ndani ya vyumba vya kulaza wagonjwa walifanya mambo matatu yanayosaidiana:

a) Madirisha ya chini yanaingiza hewa safi, na nafasi zilizo juu karibu na paa zinatoa hewa ya moto. Tulijifunza katika fizika kama hewa ya moto inapanda. Hapo inatumika bure, bila motere.

b) Juu kuna vantilateri kubwa sana zinazozunguka polepole, kusudi hewa isilale pahali pamoja.

c) Juu ukutani kuna taa za mwangaza wa ultraviolet, unaoua mikrobe. Mwangaza huo unaumiza macho na ngozi, basi umeelekezwa juu, si kwa wagonjwa. Hewa inapanda, inapita katika mwangaza, inashuka ikiwa imesafishwa.

Wenye elimu ya afya wanataka hewa ya chumba chenye wagonjwa wa namna hii ibadilishwe mara 12 kila saa. Chumba kilichofungwa hakiwezi kufika hapo hata kidogo.

4. Kitanda na dirisha

Katika hospitali nyingi, kitanda kimewekwa kichwa ukutani, chini ya dirisha. Mgonjwa anaangalia nini? Anaangalia mgonjwa mwenzake anayeteseka mbele yake. Pale Butaro walijenga ukuta mfupi katikati ya chumba, na vichwa vya vitanda viko kwenye ukuta ule. Kila mgonjwa anaelekea dirisha, na katika dirisha anaona milima.

Wengine watasema hayo ni mapambo tu. Sivyo. Mwaka 1984, Mwamerika Roger Ulrich alitangaza uchunguzi juu ya watu 46 waliopasuliwa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Watu 23 walikuwa na dirisha linaloonyesha miti. Wengine 23, waliofanana nao, waliona ukuta wa matofali tu. Wale wa miti walitoka hospitalini karibu siku moja mbele ya wengine, nao waliomba dawa kali za maumivu kidogo zaidi. Macho nayo yanatusaidia kupona.

5. Mawe, jembe na mikono

Mashamba ya kule yamejaa mawe meusi ya volkano, sawa yale ya Goma. Mlimaji anayachukia, anayatupa kando ya shamba. Wajenzi waliyachukua, mafundi wakayachonga mpaka yakashikana vizuri, na leo kuta za Butaro zinasifiwa juu ya mawe yale. Udongo wa kilima ulichimbwa kwa majembe na mikono ya wenyeji, pasipo kungojea mashini. Karibu watu 4,000 walipata kazi pale, na wengine walitoka na ufundi ambao hawakuwa nao.

Hospitali ilifunguliwa mwezi wa kwanza 2011, na vitanda 140. Mwaka 2012 kituo cha kutunza kansa kilifunguliwa palepale. Farmer mwenyewe alifia Butaro tarehe 21 mwezi wa 2, 2022, alipokuwa akifundisha waganga vijana.

6. Na sisi?

Tusidanganyane: nyumba nzuri haiponyi peke yake. Mwenye kifua kikuu lazima anywe dawa, kwa kawaida miezi 6, bila kuacha hata akijisikia mzima. Lakini dawa na nyumba zinapashwa kuvuta kamba upande mmoja.

Sisi hatuna universite wala feza ya kujenga. Lakini macho tuko nayo. Baada ya somo lile tulizunguka dortwari yetu na kuhesabu. Tulikuta vitanda 32 na madirisha 6. Kati ya madirisha hayo, 4 yamepigwa misumari sababu ya wezi. Usiku tunalala 32 katika hewa moja, na asubuhi tunasema kichwa kinauma. Tumemwandikia Bwana Prefe kusudi misumari itolewe na nyavu za chuma ziwekwe pahali pake: mwizi atabaki inje, na hewa itaingia. Tunamshukuru kwa kutupokea, tunangoja jibu.

Mpaka hapo, tunaomba kila chumba kichague mmoja wa kufungua yale madirisha 2 kila jioni. Na wewe mwenye kukohoa tangu majuma mawili ao zaidi, usijifiche, usione haya. Uende kwa muuguzi upimwe. Tutakungojea, sisi wenzako, inje penye upepo.

Sisi wanafunzi wa darasa la tano, kundi la biolojia