Kwa nini wembe humwachia mtu vipele

KIJANA aingia kwa kinyozi Ijumaa asubuhi, atoka kidevu kikiwa laini kama yai. Jumapili ajitazama kiooni na kukuta shingo imejaa vipele vigumu, vingine vina usaha, na kola ya shati ikigusa tu anaruka. Hapo huanza kutafuta mchawi. Atalaumu sabuni, au pweza aliyekula Forodhani, au ataambiwa damu yake ni chafu na apewe shubiri anywe. Kumbe adui ni unywele wake mwenyewe.

Msomaji mwenye nywele za kipilipili asome hapa kwa makini. Unywele wa namna hiyo haukui wima. Hukua ukijipinda, na hata mizizi yake chini ya ngozi imepinda. Wembe mkali unapoukata kwa mshazari huuacha na ncha kama ya mkuki. Siku moja au mbili baadaye unywele huo hurefuka, hujikunja, kisha ncha yake huichoma ngozi na kuingia ndani tena. Mwili nao hauujui kuwa ni wake. Huupiga vita kama unavyoupiga vita mwiba, na ndipo panapovimba. Hivyo ndivyo kipele kinavyopatikana, na ndiyo sababu tatizo hili huwasumbua sana watu weusi kuliko wenye nywele za kunyooka.

Iko njia ya pili, nayo ndiyo ya wembe hasa. Kinyozi akiivuta ngozi kwa kidole na kunyoa kinyume cha mlalo wa ndevu, unywele hukatwa ukiwa umevutwa juu. Akiachilia ngozi, kisiki hurudi chini na kuzama. Kinapoanza kukua tena hakitoki nje, hutoboa pembeni humo humo ndani. Basi yule mteja anayejipapasa shavu na kusema, “Ami, pitisha tena, bado zanikwaruza,” anajinunulia vipele kwa pesa zake. Na ami naye, ili asimpoteze mteja, hujibu, “Haya mwanangu,” akarudia mara ya tatu.

Kuna watu ambao hili kwao si suala la urembo. Askari wa kulinda majengo, mhudumu wa hoteli na mwanafunzi wa bweni huamriwa wawe na kidevu safi kila siku, na kunyoa kila siku ndiko kunakozidisha ugonjwa. Huko Marekani jambo hili lilifika mahakamani. Mwaka wa 1993 mahakama ya rufaa iliamua kwamba amri ya kukataza ndevu katika duka moja la Domino's Pizza jimboni Nebraska iliwaonea wanaume weusi, kwa kuwa wengi wao hawawezi kunyoa bila ya kuumia. Majeshi ya huko pia yamekuwa yakiwapa askari wenye vipele hivi ruhusa ya daktari ya kutonyoa. Kwetu, mwajiri humwona kijana wa aina hiyo kuwa mchafu au mkaidi, na huo si uungwana.

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Tunaitumia kama fumbo, lakini hata ukiichukua kama ilivyo ni dawa. Ndevu kavu ni ngumu mno. Zikilowa kwa maji ya uvuguvugu dakika tatu au nne hulainika, na wembe hupita bila kukwaruza. Hapa kisiwani pana mkasa wake: maji ya visima vingi ni ya chumvi na sabuni haitaki kutoa povu. Bakuli moja la maji matamu, hata kama ni ya mkokoteni, litengwe kwa kazi hii. Kisha kinyozi afuate mlalo wa ndevu, asiivute ngozi, asibonyeze, apitishe mara moja tu. Shingoni ndevu hulala kila moja na njia yake, kwa hiyo mtu azipapase kwanza ajue zaelekea wapi.

Shabu inayopakwa baada ya kunyoa huzuia damu ya mikato midogo, na kazi yake huishia hapo. Spiriti na ndimu huunguza tu, na kwa jasho la Kaskazi mtu atalia. Maji baridi safi na mafuta mepesi yasiyo na manukato yatosha.

Sasa kuhusu wembe wenyewe. Ule mrefu wa kukunja, ulionolewa kwa kinoo na kusuguliwa kwenye mkanda wa ngozi, una heshima yake, na mimi hupenda kuutazama mkononi mwa mzee anayejua kazi. Lakini ukitoka shingo hii kwenda ile bila kusafishwa, hubeba usaha, punye na hata virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi. Kuufuta kwa kitambaa si kuusafisha. Dawa kali za klorini nazo hula chuma kikashika kutu. Ndiyo maana ule mpini unaotiwa nusu ya wembe mpya kwa kila mteja ni salama zaidi. Mteja ana haki ya kuona karatasi ya wembe ikifunguliwa mbele yake. Bwana harusi, hasa, asione haya kudai hivyo.

Aliyekwisha kupata vipele aache kunyoa wiki tatu au nne. Vitazidi kuudhi mwanzoni, kisha ndevu zikirefuka nyingi hujichomoa zenyewe. Unywele unaoonekana umejikunja juu ya ngozi unaweza kuinuliwa kwa ncha ya sindano iliyochemshwa, lakini using'olewe, maana utakaoota mahali pake utarudia mchezo ule ule. Baadaye ni heri mashine ya umeme, iache kiasi cha milimita moja. Kidevu hakitang'aa, lakini kitapona.

Jambo la kuogopwa zaidi ni krimu za kujichubua zinazouzwa kwa madai ya kufuta madoa. Hudhoofisha ngozi na kuacha alama mbaya kuliko vipele. Na mtu ambaye vipele vyake, hasa vya kisogoni, vimegeuka makovu magumu yanayozidi kukua, asingoje mpaka yawe kama zabibu. Aende mapema Hospitali Kuu ya Pwani pale Makadara, au kwa daktari yeyote wa ngozi, kwani makovu machanga hutibika kwa urahisi kuliko yaliyokomaa.