Wiki Diani, Wiki Watamu: Jinsi ya Kulipia Nyumba Mbili Bila Kupoteza Pesa ya Likizo

Likizo ya Desemba ikikaribia, familia nyingi tayari zina pesa ya Pwani kwenye simu: ya chama, ya bonasi, au ile iliyowekwa kidogo kidogo tangu mwanzo wa mwaka. Na siku hizi wengi hawataki kukaa mahali pamoja wiki mbili nzima. Wanataka wiki ya kwanza Diani na ya pili Watamu, kila wiki na nyumba yake ya kukodi. Sisi tunaipenda hiyo mipango. Lakini nyumba mbili ni wenye nyumba wawili, dipoziti mbili, na siku moja katikati ambayo huna nyumba hata moja.

Tuanze na hesabu, kwa sababu kuhama si bure. Tuseme umepata nyumba Diani ya shilingi 6,000 kwa usiku. Usiku 14 ni 84,000, na kwa kuwa unakaa muda mrefu, mwenye nyumba anakupunguzia asilimia 10, inabaki 75,600. Sasa gawanya: wiki Diani ni 42,000, wiki Watamu kwa 5,000 kila usiku ni 35,000, jumla 77,000. Ongeza ada ya pili ya usafi, tuseme 1,500, na usafiri wa siku ya kuhama, tuseme 2,500. Umefika 81,000. Yaani kuhama kumekugharimu 5,400. Bei zako zitakuwa tofauti, lakini fanya hesabu hiyo kwanza kabla ya kumwambia mtu yeyote ndiyo. Na usione aibu kuomba punguzo pande zote mbili. Usiku saba si wageni wa wikendi.

Hizo 5,400 zinanunua nini? Diani una ufuo mrefu wa mchanga mweupe, maduka makubwa karibu, na tumbili ambao wataingia jikoni ukiacha dirisha wazi (usicheke, watachukua mkate wote). Watamu ni mji mdogo na mtulivu zaidi, una magofu ya Gede, mikoko ya Mida, na hifadhi ya baharini iliyotengwa tangu 1968. Ni likizo mbili tofauti. Kuna faida nyingine ambayo watu hawaifikirii: pesa yako yote haiko mkononi mwa mtu mmoja usiyemjua.

Hilo la mwisho ndilo tunataka ulichukulie kwa uzito. Kila msimu wa likizo kuna watu wanaochukua picha za nyumba za wengine, wanaziweka mitandaoni kwa bei tamu, halafu wanakuharakisha: "Kuna mtu mwingine anaitaka, tuma dipoziti sasa hivi." Familia inafika na mabegi, mlinzi anasema nyumba hiyo haijawahi kukodishwa. Kama ulikuwa umelipa wiki mbili zote, likizo imeisha getini.

Kwa hivyo, kabla ya kutuma hata shilingi mia, mwombe mwenye nyumba simu ya video. Aanzie barabarani, aonyeshe geti, apande ngazi, afungue mlango, afungulie mfereji. Mwenye nyumba wa kweli anaweza kulalamika kidogo lakini atafanya, au atamwambia msimamizi afanye. Tapeli atakuwa na sababu: mtandao mbaya, yuko safarini, nyumba ina wageni. Kama kweli ina wageni, subiri watoke.

Kisha angalia jina. Ukilipa kwa Till au Paybill, jina la biashara linatokea kabla malipo hayajakamilika. Ukituma kwa namba ya simu, jina la aliyesajili laini linatokea vilevile. Kama mwenye nyumba amejiita jina moja na skrini inaonyesha lingine, simama hapo. Muulize. Inaweza kuwa ni mke wake au msimamizi, sawa, lakini jibu lije kwa maandishi kwenye WhatsApp kabla ya pesa kwenda. Till ya biashara tunaipendelea kuliko namba ya mtu binafsi.

Na tusidanganyane kuhusu kurudishiwa pesa. Huduma hiyo husaidia zaidi pale ulipokosea namba na pesa bado iko kwenye akaunti ya aliyepokea. Tapeli hakai na pesa. Dakika chache tu na imeshatolewa kwa wakala, na hapo hata tukitaka kukusaidia hakuna cha kurudisha. Bado piga simu haraka na uripoti polisi, lakini kinga yako kubwa ni kile kiasi ulichotuma mwanzoni.

Rudi kwenye mfano wetu. Nusu ya Diani ni 21,000. Watamu, kwa kuwa ni mbali kidogo kwenye kalenda, omba kulipa asilimia 30, yaani 10,500. Salio la kila nyumba lilipwe ukiwa umesimama ndani yake na ufunguo mkononi. Salio la Watamu, 24,500, liweke kwenye akiba ya kufunga mpaka siku ya kuhama. Pesa ya Watamu isiliwe Diani. Tunajua vile samaki wa kupaka na tuktuk za jioni zinavyomaliza salio.

Siku ya kuhama yenyewe ni ndefu. Nyumba nyingi zinataka utoke saa nne au saa tano asubuhi, na ile ya pili hufunguliwa saa nane au tisa. Kati ya Diani na Watamu ni karibu kilomita 150, na foleni ya Mtwapa haiheshimu ratiba ya mtu. Kwa matatu unashuka Likoni, unavuka feri kwa miguu bila kulipa, unachukua gari la Malindi na kushukia Gede, kisha tuktuk hadi Watamu. Mwenye gari anaweza kuepuka feri kwa barabara ya Dongo Kundu, inayokutoa upande wa Miritini. Weka nauli ya siku hiyo kando, na uwaulize wenye nyumba wote wawili kama mabegi yanaweza kukaa kwa mlinzi.

Uliza pia stima ni ya nani. Nyumba nyingi za Pwani zina mita ya tokeni, na kiyoyozi kikiwaka usiku kucha kinakula tokeni vibaya sana. Kama ni wewe wa kununua, omba namba ya mita mapema, na upige picha mita ikionyesha kilichobaki siku unayoingia. Maji ya mfereji mara nyingi ni ya chumvi, kwa hivyo bajeti iwe na mitungi ya lita 20 ya kunywa. Hifadhi ya baharini hulipiwa kwa eCitizen, kwa hivyo acha salio kwenye simu, na mwenye mashua ni malipo yake tofauti.

Kama uliweka dipoziti ya uharibifu, kubalianeni kwa maandishi irudi lini na kwa namba gani, na upige video ya vyumba vyote kabla ya kurudisha ufunguo. Ya Diani ifuatilie kabla hujaondoka Watamu, ukiwa bado Pwani. Tokeni zilizobaki kwenye mita hazirudi, kwa hivyo siku mbili za mwisho nunua za mia mia.