Aldebaran: Nyota Ifuatayo Kilimia

Mwanafunzi anayelikuta jina Aldebaran kitabuni aghalabu hulikariri kama neno geni lisilo na maana. Hilo ni kosa, kwani jina hilo laeleza jambo ambalo yeye mwenyewe aweza kulishuhudia.

Asili yake ni neno la Kiarabu ad-dabaran, yaani “mwenye kufuata”. Katika karne ya 12 vitabu vingi vya falaki vilifasiriwa kutoka Kiarabu hadi Kilatini mjini Toledo, Hispania, na kwa njia za namna hiyo majina ya Kiarabu yalienea Ulaya. Ile “al” ya mwanzo ni alama ya Kiarabu tu, kama ilivyo katika majina Altair na Algol.

Nyota hii yafuata nini? Yafuata kundi la nyota ndogo ambalo Waarabu huliita ath-thurayya, nasi twaliita Kilimia, kwa kuwa liliwaongoza wakulima katika majira ya kulima. Wazulu na Waxhosa huliita isiLimela, kwa mzizi huo huo.

Jambo hili laweza kuthibitishwa bila ya darubini. Mwanzoni mwa Desemba, saa 2 za usiku, tazama mashariki, kaskazini kidogo. Kilimia kitakuwa kimekwisha kupanda. Chini yake itaonekana nyota angavu yenye wekundu wa kaa la moto. Hiyo ndiyo Aldebaran. Kwetu huchomoza takriban robo tatu za saa baada ya Kilimia, siku zote za mwaka.

Je, yakifuata kweli? La. Aldebaran iko mbali nasi kwa miaka ya nuru 65 hivi. Kilimia ni zaidi ya 400. Ufuasi huo watokana na mzunguko wa Dunia na mahali tunapotazamia. Tena, mwaka 1718 Edmond Halley alilinganisha mahali pa Aldebaran na nyota nyingine chache na vipimo vya Wayunani wa kale, akagundua kuwa zimesogea. Nyota zilizodhaniwa zimetulia, kumbe zina mwendo wake.

Basi jina limehifadhi walichokiona watu wa kale. Kueleza sababu yake ni kazi ya sayansi. Walimu wawatume wanafunzi kwa wazee wao, wayaulize majina ya nyota katika lugha zao na kuyaandika, kabla hayajasahauliwa. Kisha wayapime kwa macho yao wenyewe, usiku usio na mawingu.