Ruzuku ya Hospitali Ikipunguzwa, Nani Hulipa?



Kila mwaka miezi ya bajeti inapokaribia, swali lile lile hurudi. Mama mmoja aliwahi kuniuliza nje ya kanisa baada ya Misa ya kwanza. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na mtoto mwingine amemshika mkono. "Sista, tumesikia redioni wanataka kupunguza fedha za afya. Je, hapo hospitalini kwenu mtatupandishia bei?" Nilimjibu haraka haraka kwamba hayo ni mapendekezo tu, Bunge bado halijapitisha. Jibu lilikuwa la kweli lakini halikumfaa kitu, maana yeye alikuwa anahesabu miezi miwili iliyobaki na shilingi alizokuwa nazo. Leo najaribu kujibu vizuri zaidi.

Nani anaigharamia hospitali yetu?

Wengi hudhani kwamba hospitali ya Kanisa inaendeshwa na Kanisa, basi. Wengine husema kwamba Baba Askofu analo sanduku la fedha kutoka Ulaya. Zamani za wamisionari usemi huo haukuwa mbali sana na ukweli, kwa kuwa dawa na mashuka vilikuja kwa meli kutoka kwa marafiki wa mapadre na masista. Siku hizi sivyo.

Hapa Tanzania, wilaya nyingi zilipata Uhuru zikiwa hazina hospitali ya serikali. Mahali ambapo ilikuwapo hospitali ya misioni, serikali iliona ni busara kuingia mkataba na wenye hospitali hiyo badala ya kujenga nyingine kando yake. Ndivyo zilivyopatikana Hospitali Teule za Wilaya. Rubya kule Muleba, Sengerema, na Teule ya Muheza ya ndugu zetu Waanglikana ni mifano. Bugando ya Mwanza nayo ilijengwa na Kanisa, serikali ikaitwaa mwaka 1972, kisha mwaka 1985 ikairudisha kwa makubaliano ya kuiendesha kwa ushirikiano. Mwaka 1992 serikali ilitia sahihi makubaliano na Baraza la Maaskofu Katoliki pamoja na Jumuiya ya Kikristo Tanzania, na hapo ndipo ilipozaliwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, ambayo kazi yake mojawapo ni kuzisemea hospitali na shule zetu mbele ya serikali.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile unachokiona wodini inatokana na kodi yako. Serikali hulipa mishahara ya baadhi ya wauguzi na waganga. Hutoa ruzuku ya uendeshaji na fungu la dawa kupitia Bohari ya Dawa. Tena, halmashauri ya wilaya inaweza kuwa na mkataba wa huduma na hospitali au zahanati ya Kanisa, ili mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano watibiwe bila kulipa na halmashauri ilipe kwa niaba yao. Kinachobaki hutoka kwa wagonjwa wenyewe, bima, wafadhili, na pengine shamba la migomba na nguruwe wa masista. Msicheke, nguruwe hao wameshanunua dizeli mara nyingi.

Shilingi mia moja

Tuchukue mfano wa kubuni, ili hesabu ionekane. Tuseme hospitali inahitaji shilingi 100 kwa siku. Serikali inatoa 40, wagonjwa na bima 45, wafadhili 15. Katika hizo 100, mishahara inakula 60. Zinabaki 40 za dawa, glavu, sabuni, umeme, maji, dizeli ya gari la wagonjwa na chakula cha watoto wenye utapiamlo.

Sasa yanakuja mapendekezo ya kupunguza ruzuku kwa sehemu moja ya kumi. Ukisikia redioni, sehemu moja ya kumi si kitu kikubwa. Ruzuku inatoka 40 kuwa 36, yaani zimepungua shilingi 4 tu. Lakini mishahara huwezi kuigusa, muuguzi ana watoto shuleni. Basi shilingi 4 zote zinatolewa katika zile 40 za dawa na dizeli. Ghafla kila kumi imepungua moja. Ndiyo maana mnakuta muuguzi yupo, kitanda kipo, lakini mnaambiwa mkanunue glavu na uzi wa kushonea dukani.

Mhasibu atasema, tuwaongezee wagonjwa. Wagonjwa walikuwa wanatoa 45, sasa watoe 49. Tuseme walikuwa 9, kila mmoja alitoa 5. Bei ikipanda kidogo tu, mmoja wao anabaki nyumbani na mitishamba yake. Wanane waliobaki wanapaswa kutafuta 49, yaani zaidi ya 6 kila mmoja. Wa pili naye anashindwa. Wamebaki 7, na kila mmoja sasa atoe 7. Hospitali haikupata faida yoyote, na wale wawili waliobaki nyumbani ndio maskini kuliko wote. Nimewahi kukaa katika vikao ambamo hesabu ya namna hii ilifanywa mpaka usiku, na hakuna aliyetoka amefurahi.

Jambo hili si geni. Miaka ya 1980 uchumi ulipoyumba, na hasa baada ya makubaliano ya mwaka 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa, serikali ilibana matumizi. Hospitali za serikali zilizokuwa bure zikakosa dawa, na mwaka 1993 ukaanza utaratibu wa kuchangia gharama, kwanza katika hospitali kubwa. Serikali iliweka msamaha kwa wajawazito, watoto wadogo, wenye magonjwa kama kifua kikuu na ukoma, na wale wasio na uwezo kabisa. Baadaye sera ikawataja pia wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza. Msamaha ni kitu kizuri, ila hospitali iliyotoa msamaha ni lazima irudishiwe fedha na mtu fulani. Ruzuku ikikatwa, msamaha unabaki kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.

Yasiyoonekana katika hotuba

Bajeti iliyopitishwa na fedha iliyofika ni mambo mawili tofauti. Mwaka wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Fungu linaweza kupitishwa lote, lakini likafika nusu, au likafika Mei wakati mwaka unakwisha. Hospitali iliyokaa miezi 5 bila ruzuku imekwisha kukopa dawa, na muuzaji aliyekopesha huongeza bei. Kwa hiyo hata mwaka ambao hakuna aliyetangaza kupunguza chochote, mgonjwa anaweza kulipia upungufu.

Jambo la pili ni watumishi. Muuguzi aliyelipwa na serikali anastaafu, nafasi yake haijazwi kwa sababu kibali cha ajira hakikutoka. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna habari gazetini, ila wodi ya wazazi iliyokuwa na wauguzi wawili usiku sasa ina mmoja. Siku serikali inapotangaza ajira nyingi kwa mpigo, vijana wetu huondoka kwenda huko, kwa kuwa kuna pensheni ya uhakika. Siwalaumu. Mimi ni mtawa, sina watoto wa kusomesha.

Tena, bajeti inayokatwa si lazima iwe ya Dodoma. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi katika nchi zetu waliliona hilo kliniki: mshauri aliyewafuata nyumbani walipokosa kuja alikuwa analipwa na mradi, na mradi ulipofungwa naye akarudi kwao. Ndugu yangu unayetumia dawa hizo, usikilize hapa. Usiache dawa kwa sababu ya uvumi wa bajeti, wala usizigawanye zikae muda mrefu. Virusi huzoea dawa inayotumiwa nusu nusu. Nenda kliniki siku yako, na ukikuta fundo la watu limekuwa kubwa, vumilia.

Kabla Bunge halijapitisha

Mapendekezo ni mapendekezo, nilimwambia yule mama, na hapo ndipo nilipopaswa kuendelea. Bajeti haianzi mwezi Juni pale Waziri wa Fedha anaposoma hotuba. Miezi mingi kabla ya hapo kila kituo huandika mahitaji yake, halmashauri huyaweka pamoja katika mpango wake wa afya, na madiwani huujadili. Bodi ya afya ya halmashauri ina nafasi ya wawakilishi wa wananchi na ya vituo vya mashirika ya dini. Je, unamjua anayetuwakilisha? Katika parokia nyingi nilizouliza, hakuna aliyemjua, hata katibu wa halmashauri ya walei. Diwani tunamwona kwenye harambee ya kanisa na tunampigia makofi. Hiyo ndiyo nafasi ya kumwuliza kwa heshima kama mkataba wa huduma na zahanati yetu umefanyiwa upya, na kama halmashauri imelipa madai ya mwaka uliopita. Hapo Baba Paroko anaweza kusaidia kuliko sisi wa hospitali, ambao huonekana tunaomba kwa ajili yetu.

Mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika waliahidi huko Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Tanzania, kama nchi nyingi zilizoahidi, haijafika hapo. Ni haki kuikumbusha serikali ahadi yake, na hilo halimfanyi mtu kuwa mpinzani wa mtu yeyote.

Nyumbani, lililo muhimu kuliko yote ni kutokungoja ugonjwa ndipo mtafute fedha. Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa kwanza Igunga katikati ya miaka ya 1990 na kupata sheria yake mwaka 2001, uliwaponya wengi walioingia wakiwa wazima. Mwaka 2023 ilipitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ulizeni ofisi ya kata utaratibu wa sasa na kiwango chake, msitegemee maneno ya kijiweni. Baadhi ya Jumuiya Ndogo Ndogo huweka akiba kidogo kidogo baada ya mavuno, na kuzilipia kaya za wajane. Na mwenye shida asijifiche: hospitalini yupo afisa wa ustawi wa jamii, mwone siku ya kwanza, siyo siku ya kuruhusiwa kutoka wakati bili imekwisha kuandikwa.

Kuhusu wajawazito, nasema wazi kwa sababu kila mwaka wapo wanaochelewa kwa kuogopa bei. Damu ikitoka, kichwa kikiuma sana na macho kuona giza, degedege likitokea, uso na mikono vikivimba, mtoto akiacha kucheza tumboni, au chupa ikivunjika kabla ya uchungu, njoo mara moja, mchana au usiku, una fedha au huna. Mambo ya malipo tutayazungumza baadaye.

Yule mama nilimtafuta Jumapili iliyofuata. Tulikaa kwenye benchi la nje, nikamwuliza kama zahanati ya kwao ina mkataba na halmashauri. Hakujua, nami sikujua. Tulikwenda wote wawili kumwuliza mganga mfawidhi Jumatatu asubuhi, akatufungulia faili: mkataba ulikuwapo, ila ulikuwa umebakiza miezi minne kwisha.