Ruhuka Dume Asiyeruka

Mkulima wa kahawa wa Machame au Kilema, Kilimanjaro, akiipasua buni yenye tundu karibu na kitovu, hukuta ukoo mzima wa ruhuka, mdudu atoboaye buni: mayai, funza, na mbawakawa weusi wenye urefu usiozidi milimita mbili hivi. Karibu wote ni majike. Dume ni mmoja kwa majike kama kumi, mdogo kuliko wao, na mabawa yake ya kurukia yamedumaa. Huzaliwa, huwapanda dada zake, kisha hufia humo humo. Jike hutoka akiwa ameshapandwa, akaruka kutafuta buni nyingine. Ndoa za ajabu, lakini zinamfaa sana mdudu huyu.

Tofauti ya mabawa inakwenda sambamba na tofauti iliyo ndani ya seli. Jike ana kromosomu 14, saba za mama na saba za baba, na zote zinafanya kazi. Dume naye hurithi kwa wazazi wote wawili, ila zile za baba hujikunja zikawa donge moja lililolala. Hazitumiki mwilini, wala haziingii katika mbegu zake; anachowapa binti zake ni urithi wa mama yake mtupu. Watafiti Bergamin na Kerr waliandika kuhusu kromosomu hizi huko Brazil mwaka 1951, na mwaka 1995 watafiti wa ruhuka wa New Caledonia wakaonyesha athari ya urithi huu shambani.

Huko wakulima walikuwa wakipulizia endosulfan, sumu ya kuua wadudu. Kwa wadudu wengi, jeni la ukinzani lililotoka kwa mzazi mmoja linaweza kufunikwa na nakala ya mzazi wa pili. Kwa ruhuka dume hakuna cha kulifunika: akilipata kwa mama yake, sumu haimuui. Ongeza kaka na dada kuzaana, na ukinzani unatapakaa upesi. Sumu yenyewe iliingizwa mwaka 2011 katika orodha ya Mkataba wa Stockholm, unaozuia kemikali za sumu zinazodumu katika mazingira.

Kilimanjaro ina sababu ya kuyajua haya. Utafiti uliochapishwa mwaka huo huo ulieleza kuwa ruhuka amepanda mlima kwa takriban mita 300 katika miaka kumi, akifuata joto.

Mitego ya chupa yenye spiriti, inayotundikwa mibunini, hunasa majike peke yao, kwa kuwa ndio warukao; nao wengi wameshapandwa. Dume hafikiwi hata kidogo. Ndiyo maana kuchuma buni zote zilizosalia baada ya msimu, na kuokota zilizodondoka chini ya mibuni, kunazidi mtego: buni moja ikitumbukizwa katika maji ya moto, dume huangamia pamoja na dada zake ambao bado hawajatoka.