Mguu una saa, mkono hauna

Mwaka 2007 kampuni ya Konami ya Japani ilitoa gemu iliyomtaka mchezaji afanye kazi kwa miguu na mikono kwa wakati mmoja. Iliitwa Dance Dance Revolution Hottest Party, nayo ilitengenezwa kwa ajili ya Wii, mashine ya Nintendo iliyoingia sokoni mwishoni mwa 2006. Chini ya miguu kuna mkeka wenye mishale minne: kushoto, chini, juu, kulia. Mkono wa kulia umeshika rimoti ya Wii, wa kushoto umeshika kile kishikio cha pili kiitwacho Nunchuk, na waya unaoviunganisha unaning'inia mbele ya kifua. Muziki unaanza, mishale inapanda kwenye skrini, na kila mmoja ukifika juu na kufunika kivuli chake, mchezaji anakanyaga. Mara kwa mara inapita alama ya mkono, na hapo anatikisa.

Mtazamaji wa pembeni ataona mashine moja inayopima dansi. Mchezaji aliyezoea hugundua mapema kwamba anapimwa na mahakimu wawili, mmoja mkali kwa miguu na mwingine mpole kwa mikono. Upole huo hautokani na uvivu wa waliotengeneza programu. Chanzo chake ni fizikia ya viungo vyenyewe.

Tuanze na mkeka, maana huo hauna siri. Wazo la kukanyaga badala ya kubonyeza ni la zamani: Bandai, kampuni nyingine ya Japani, iliuza mkeka wake wa Family Trainer tangu 1986. Umaarufu ulikuja 1998, Konami ilipoweka Dance Dance Revolution ya kwanza kwenye kumbi za michezo ya mashine. Ile ya ukumbini ni jukwaa la chuma, zito, lisilohama, lenye vihisi vinne kwenye kingo za kila kibao. Mkeka wa nyumbani ni ndugu yake maskini. Una tabaka mbili za plastiki zilizopakwa kitu kinachopitisha umeme, na katikati yake sponji yenye matundu. Ukikanyaga, tabaka ya juu inabonyea kupitia tundu, inagusa ya chini, umeme unapita. Kwa mashine, hilo halina tofauti yoyote na kidole gumba kubonyeza kitufe. Mkeka haujui una kilo ngapi, haujui kama umetumia kisigino, goti au kiganja. Unajua mambo mawili tu: kibao gani, na lini.

Hiyo "lini" ndiyo utajiri wake wote. Gemu hizi huchora picha 60 kila sekunde, yaani fremu moja kila milisekunde 16.7 hivi. Katika mashine za ukumbini, daraja la juu kabisa la hukumu humruhusu mchezaji akosee kwa takriban fremu moja, iwe kabla au baada ya mpigo. Kupepesa jicho huchukua zaidi ya milisekunde 100. Na bado wapo wanaopata daraja hilo kwa mamia ya hatua mfululizo.

Inawezekanaje? Kwa sababu kutua kwa mguu kuna ncha. Kabla ya hapo hakuna mguso, baada ya hapo upo, na mpaka kati ya hali hizo mbili ni mwembamba mno. Mwili nao unaujua mpaka huo: unyayo unausikia, goti linaupokea, sikio linasikia kishindo. Wacheza ngoma wanaofunga njuga miguuni wanaishi ndani ya jambo hili. Njuga hulia mguu unapotua, kwa hiyo mchezaji ni sehemu ya wapigaji, na akichelewa kila mtu uwanjani anasikia. Mkeka wa dansi ni njuga inayopeleka sauti yake kwenye kompyuta.

Mkono ni habari nyingine. Ndani ya rimoti ya Wii kuna kipima mchapuko, chombo kidogo kuliko ukucha kilichotengenezwa na kampuni ya Marekani, Analog Devices. Ndani yake kuna kipande cha silikoni kinachoshikiliwa na springi ndogo sana. Rimoti ikisukumwa, kipande hicho kinabaki nyuma kidogo, na mabadiliko hayo yanasomwa kwa umeme katika pande tatu. Chombo hiki hakijui mkono uko wapi chumbani. Kinajua tu jinsi mwendo unavyobadilika, tena kikiwa kimechanganya humo na mvutano wa dunia: ilaze rimoti mezani bila kuigusa na itaripoti mvutano huo kana kwamba kuna kitu kinachoisukuma. Kuna pia kamera ya miale ya infraredi kwenye pua ya rimoti, lakini hiyo inahitaji kuelekezwa kwenye runinga, na hakuna anayedansi huku ameielekezea runinga mkono kama askari wa trafiki.

Sasa fikiria mtu anapungia mkono kwa kufuata mpigo. Tendo hilo huchukua robo ya sekunde au zaidi. Mwanzoni mkono unakusanya kasi, na kipima mchapuko kinaonyesha mlima. Katikati mkono unakwenda kwa kasi kubwa kuliko yote, lakini kasi haibadiliki tena, kwa hiyo usomaji unashuka karibu na bonde. Mwishoni mkono unafunga breki, na mlima wa pili unatokea, wa upande wa kinyume. Swali la kumuumiza mhandisi kichwa: mkono "umepiga" lini? Kwenye mlima wa kwanza? Kwenye bonde, ambako jicho la mtazamaji lingesema ndipo penyewe? Au kwenye breki?

Njia ya kawaida ni kuweka kizingiti: usomaji ukivuka kiwango fulani, hesabu kuwa ni pigo. Lakini mwenye nguvu atakivuka mapema na mpole atakivuka baadaye, hata kama mikono yao imefika mwisho wa safari kwa pamoja. Wote wawili wako sahihi kwenye muziki, na mashine inawapa majibu tofauti. Dawa pekee ni kupanua dirisha la muda ili wote waingie. Ndipo upole ule unapozaliwa. Wachezaji nao huvumbua dawa yao wenyewe, wanaacha kupunga na kuanza kutikisa kifundo cha mkono kwa ghafla, kama anayegonga ngozi ya ngoma. Mkono unaotaka kuhesabiwa vizuri inabidi uige mguu.

Kuna kero nyingine, nayo haiko kwenye mkeka wala kwenye rimoti. Iko kwenye runinga. Zile runinga za zamani zenye mgongo mnene zilichora picha papo hapo. Wii ilitoa picha ya mistari michache, na ilipounganishwa na runinga bapa za kisasa, runinga ililazimika kuikuza picha hiyo kabla ya kuionyesha. Kazi hiyo hula makumi ya milisekunde, na kwa baadhi ya runinga hata zaidi ya 100. Mchezaji anakanyaga kwa kufuata mshale anaouona, kumbe mshale wenyewe ni wa zamani. Lakini angalia tofauti hapa. Ucheleweshaji wa runinga ni uleule kila mara, kwa hiyo unaweza kupimwa na kuondolewa: sogeza hesabu nzima kwa kiasi hicho na mambo yatanyooka. Kosa la mkono linatawanyika, mara mbele mara nyuma, na huwezi kulisogeza popote.

Kwa maoni yangu, Konami walilitambua hilo, ndiyo maana katika gemu hii miguu ilibaki kuwa chakula na mikono ikawa kiungo. Hata mkeka wenyewe ulikuwepo tayari. Mwaka 2005 ulikuwa umetoka pamoja na gemu ya Mario kwa ajili ya GameCube, mashine iliyotangulia Wii, na Wii ilipokuja na matundu ya kuchomekea vifaa vya GameCube, mkeka ulipata makao. Mwaka 2011 Nintendo ilitoa toleo la Wii lisilo na matundu hayo. Kwa aliyenunua toleo hilo, mkeka wa kuchomeka humo ukawa mkeka kama mikeka mingine, wa kukalia.

Wakati huo Ubisoft ya Ufaransa ilikuwa imeshaamua kuutupa mkeka kabisa. Just Dance, iliyotoka 2009 baada ya kuanza kama mchezo mdogo ndani ya gemu nyingine ya kampuni hiyo, ilimtaka mtu ashike rimoti moja tu kwa mkono wa kulia. Hapa hesabu iligeuzwa. Swali la "umepiga lini" liliwekwa pembeni, na mashine ikawa inalinganisha umbo la mwendo wa mkono na umbo linalotarajiwa kwa kipande hicho cha wimbo. Miguu haionekani. Mkono wa kushoto hauonekani. Unaweza kukaa kwenye kochi, ukapunga mkono mmoja na ukapata alama nzuri. Wakereketwa wa mkeka walicheka sana, lakini gemu hiyo ikauzwa kwa mamilioni, na nadhani walionunua ndio walioelewa. Kama mkono hauwezi kuhukumiwa kwa milisekunde, afadhali usihukumiwe hivyo, mtu aachwe ajiburudishe.

Mwaka 2010 ikaja Kinect ya Microsoft, kamera inayorusha nukta za infraredi chumbani na kukisia mahali pa viungo 20 vya mwili. Harmonix ya Marekani iliitumia kutengeneza Dance Central. Hatimaye mashine iliona kiuno. Ila kamera hiyo ilipiga picha 30 tu kwa sekunde, nusu ya kasi ya gemu za mkeka, na bado kompyuta ilihitaji muda wa kuzichambua. Iliweza kusema umesimama vipi, lakini lini ilibaki kuwa makadirio. Utengenezaji wa Kinect ulikoma 2017.

Mkeka nao una upofu wake. Mtazame bingwa wa ukumbini akicheza wimbo wa kasi: ameegemea chuma cha nyuma kwa mikono yote miwili, kifua kimetulia tuli, miguu inatetemeka sentimita chache juu ya vibao. Ni riadha ya hali ya juu, na si dansi hata kidogo. Miaka ile ya mwanzo palikuwa na kundi jingine, waliohifadhi hatua kwa kichwa kisha wakaipa skrini mgongo, wakazunguka, wakapiga vibao kwa magoti na viganja huku watu wakishangilia. Mashine iliwapa alama sawa na yule aliyeegemea chuma, pengine pungufu. Ilibidi mashindano yaweke waamuzi wenye macho ili watu hao wapate haki yao.

Jasho la mkeka, hata hivyo, halina ubishi, kwa kuwa kila hatua ni uzito wa mwili unaohamishwa. Ndiyo maana jimbo la West Virginia nchini Marekani, lililokuwa likihangaika na unene wa watoto, lilitangaza mwaka 2006 mpango wa kuipeleka Dance Dance Revolution katika shule zake zote 765 za umma.

Ukipata mkeka uliotumika, uviringishe na usiukunje, maana kila kunjo huvunja ile tabaka ya umeme na kibao hufa upande mmoja. Ubandike kingo zake kwa utepe kwenye sakafu ngumu. Cheza pekupeku; soksi huteleza. Kwenye runinga washa mpangilio wa michezo, unaopunguza uchakataji wa picha. Gemu nyingi za sasa za aina hii huonyesha kama umewahi au umechelewa. Zikisema umechelewa wimbo mzima, bila kubadilika, rekebisha runinga. Zikichanganya, mara umewahi mara umechelewa, runinga haina kosa.